Mapatano ya urafiki mbele ya baraza la wajumbe

Wakubwa wa inchi mbili wakitia sahihi mapatano ya urafiki, wengi hufikiri kazi imekwisha. Sivyo. Mapatano yanafunga inchi nzima, si wale waliotia sahihi tu. Kwa hiyo, katika inchi nyingi, wajumbe wa raia huyapima kwanza, ndipo yapate nguvu. Tutazame mfano wa Ufaransa na Ujerumani.

Majirani hawa walianza vita mara tatu katika muda usiotimia miaka 70: mwaka wa 1870, wa 1914 na wa 1939. Tarehe 8 Julai 1962, Prezidenti de Gaulle na Kansela Adenauer, wakatoliki wote wawili, walisali Misa pamoja katika katedrali ya Reims, ambayo mizinga ya Wajerumani iliiharibu mwaka wa 1914. Tarehe 22 Januari 1963 wakatia sahihi mapatano huko Paris: wakubwa wakutane walau mara mbili kila mwaka, na vijana wajifunze luga ya jirani.

Lakini wajumbe wa Ujerumani ya Magharibi, katika baraza lao la Bonn, walikuwa na mashaka. Siku 8 kabla ya sahihi ile, de Gaulle alikuwa ameikatalia Uingereza kuingia katika Soko la Pamoja la Ulaya. Je, kumpata rafiki mmoja ni kuwapoteza wengine? Basi wajumbe hawakuyakataa mapatano, wala hawakuyapokea kimya. Tarehe 16 Mei 1963 waliyakubali, lakini katika sheria ya kuyathibitisha waliandika dibaji: Ujerumani itashika urafiki wake na Marekani na ulinzi wa pamoja wa NATO, tena itataka Uingereza ipokelewe.

De Gaulle hakufurahi. Hata hivyo mapatano yalidumu. Adenauer alitoka kazini mwaka ule ule, de Gaulle mwaka wa 1969. Urafiki haukutoka pamoja nao. Tangu mwaka wa 2019 wajumbe 100, 50 wa kila inchi, wanakutana katika baraza moja.

Katika Kongo pia, katiba ya 2006, fungu la 214, inataka mapatano ya amani yathibitishwe kwa sheria. Basi, ndugu katekista, wakristu wakikuuliza kwa nini wajumbe wanabishana juu ya mapatano na inchi jirani, uwajibu hivi: anayeuliza maswali si adui wa amani. Afazali mashaka yasemwe barazani kuliko kufichwa moyoni mpaka yazae vita.