Mtoto wa kiume aitwe nani Mbulu na Hanang?



Mama akijifungua mtoto wa kiume huko Dongobesh, Haydom au Katesh, majirani huuliza kwanza kama wote wawili ni wazima. Swali la pili ni jina. Siku hizi jibu huja upesi: Kelvin, Brayan, Emanuel. Sina ugomvi na majina hayo. Mazungumzo ya wiki hii ni kwa wazazi wanaotaka kumpa mtoto jina la kwao, la Kiiraqw au la Kidatoga, lakini hawajui waanzie wapi, au wanahofu litamletea usumbufu mbele ya safari.

Tuanze na hesabu. Nchini kwetu mtu huandikwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Sasa tazama majina ya watu tunaowafahamu. John Stephen Akhwari, yule mkimbiaji wa Mbulu aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bandeji. Wilbrod Peter Slaa, aliyegombea urais mwaka 2010. Gabriel Gerald Geay, aliyeshika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston mwaka 2023. Kwa wote watatu, majina mawili ya mbele ni ya ubatizo na lile la wazee limesimama mwisho. Mtu mwenye mpangilio wa namna hiyo akipata mwana, akafuata kanuni ya majina matatu kama ilivyo, mwana ataandikwa, tuseme, Kelvin John Stephen. Jina la wazee limekwisha kutoka kwenye karatasi, wala hakuna aliyekusudia kulitoa.

Familia nyingi zimeligundua hilo, zikaamua kulifunga jina moja la babu liwe la ukoo. Ni dawa, lakini dawa nusu. Linalofungwa ni moja tu. Mengine yote hayapati tena wa kuitwa. Na hilo moja nalo hurithiwa kama shamba, bila mtu kuuliza lilitoka wapi. Anayetaka jina liishi hana budi kulipa nafasi ya kwanza, au walau kulitia katikati kama tunavyoona kwa Frederick Tluway Sumaye, mtu wa Hanang aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1995 hadi 2005.

Tluway kwa Kiiraqw ni mvua. Wazee walikuwa na desturi ya kumtaja mtoto kwa hali waliyokuwamo siku alipozaliwa, na ndiyo maana hata neno la Kiswahili Safari limekuwa jina la kiume la kawaida kabisa upande wa Mbulu. Jina Lohay nalo lina mlio wa loohi, yaani njia. Wanasheria wanalijua vizuri: Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay ndio baba na mwana waliodai ardhi yao ya kimila hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakaamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Tazama majina yao tena, utaona jinsi la baba linavyomfuata mwana.

Basi swali la kumuuliza bibi wa mtoto si "jina gani zuri?" Muulize: siku ile kulikuwa na nini? Tena msikilize hadi mwisho, maana si kila tukio linafaa kubebwa na mtu maisha yake yote. Mvua ni heri, lakini Desemba 3, 2023 mvua iliporomosha matope kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani. Mzazi wa huko anaweza kulitaka jina Tluway kwa kumbukumbu, mwingine asitake hata kulisikia. Wote wawili wana haki.

Kwa Wadatoga, wakiwamo Wabarabaig wa Hanang, jina lenyewe hukuambia ni la nani. La kiume mara nyingi huanza na Gida, la kike na Uda. Gidamis Shahanga, aliyetwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edmonton mwaka 1978, na ya mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982, alilitangaza umbo hilo duniani kuliko kitabu chochote. Tafadhali tu, jina Mang'ati liacheni. Hilo ni la kubandikwa na Wamaasai, na maana yake ni adui.

Wako wanaosema padri atakataa. Hofu hiyo ina asili yake. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwataka mapadri wahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakishindwa, padri aongeze la mtakatifu. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inakataza tu jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Mvua haimo humo.

Taabu kubwa zaidi ni tahajia. Alfabeti ya Kiswahili haina q wala x, na sauti tl na sl, kama ile ya Slaa au ya kijiji cha Kwermusl, wengi huzisoma kana kwamba ni herufi mbili zilizogongana. Wenzetu wa Uskoti yamewapata hayo: jina lao Hamish ni Seumas, yaani Yakobo, lililoandikwa kwa Kiingereza jinsi sikio lilivyolisikia mtu akiitwa. Kwao limekuwa jina zuri tu. Kwetu, kijana aliyeandikwa Qwaray kwenye cheti cha kuzaliwa na Kwarai kwenye cheti cha shule atazunguka na hati za kiapo akitafuta kitambulisho cha taifa. Kama unataka mwongozo wa maandishi, ipo kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ya mwaka 2002 ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling; na huyo Qorro, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, q yake hakuiacha.

Kwa hiyo ukienda kuandikisha, usimtamkie karani. Liandike jina kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, lilingane na tangazo la kizazi ulilopewa hospitali, umkabidhi. Kisha lisome herufi kwa herufi kabla hajagonga muhuri.