Damu ya kitovu kwa mtoto njiti: kweli au uongo?

Mtoto njiti wa kilo moja ana damu ya mililita 80 hadi 100 tu mwili mzima. Ukiimimina kwenye chupa ya soda ya mililita 300, haifiki hata nusu. Mama akifikishwa hospitali ya rufaa ya Meru kutoka Maua, au ya Embu kutoka Ishiara, uchungu ukiwa umemshika kwenye mwezi wa saba, kuna swali la kujiuliza: damu ya vipimo vya kwanza vya mtoto itatoka wapi: mwilini mwake, au kwenye kitovu na kondo la nyuma?

Damu iliyobaki kwenye kondo la nyuma ni ya mama.
UONGO. Ni ya mtoto. Kwenye kondo, chakula na hewa huvuka kutoka kwa mama, lakini kila damu hupita mkondo wake. Kitovu kikishakatwa, mhudumu husafisha mshipa upande wa kondo na kuvuta damu kabla haijaganda.

Mtoto ataumia.
UONGO. Sindano huingia sehemu iliyokwisha kutengana naye. Kinachomgharimu ni kuchomwa mwilini: mililita tatu kwake ni kama mtu mzima kutolewa 150 au zaidi. Vipimo vikirudiwa kila siku, huenda akahitaji kuongezewa damu.

Lazima kitovu kikatwe upesi.
UONGO. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau dakika moja, ikiwa mtoto hahitaji kusaidiwa kupumua papo hapo. Mtoto apate haki yake kwanza. Maabara itumie masalio.

Damu ya kitovu huonyesha kundi la damu la mtoto.
KWELI, wala si jambo geni. Mama akiwa na kundi hasi, damu ya kitovu hupimwa ili ijulikane kama anahitaji sindano ya anti-D, ambayo hutolewa ndani ya saa 72. Damu hiyo hiyo huweza pia kupimwa wingi wake, na kuoteshwa ili kutafuta vijidudu, mradi imechukuliwa kwa usafi.

Basi mtoto hatachomwa tena.
UONGO. Sukari hubadilika baada ya saa chache, nayo manjano huongezeka siku zikipita. Kwa virusi vya HIV, damu ya mama ikichanganyika kidogo tu, majibu hupotosha. Ndiyo maana Kenya hutumia matone ya kisigino cha mtoto yaliyokaushwa kwenye karatasi, kwa kawaida akiwa na wiki sita.

Kondo likitolewa damu haliwezi kuzikwa nyumbani.
UONGO. Zinazotoka ni mililita chache. Kondo hubaki zima. Familia inayotaka kulizika imwambie mkunga mapema.

Na swali la vipimo liulizwe kliniki, mimba ikiwa bado changa. Mtoto njiti hapigi hodi, na damu ya kondo haingoji mashauriano: huganda kwa dakika.