Kabla ya kununua sabufa, geuza redio uangalie nyuma

VINYOZI, wauza chipsi na wenye maduka madogo wanajua kwamba muziki huvuta wateja. Baada ya kaseti na CD kuadimika, wengi waliziweka stoo redio zao za spika mbili, wakachomoa fedha za mtaji kununua sabufa. Fedha hizo zingeweza kubaki kwenye biashara, kwani redio nyingi za aina hiyo bado zinapiga vizuri kwa msaada wa waya mmoja.

Mbinu hiyo ilizoeleka zaidi zama za vicheza muziki vidogo vya MP3, hasa baada ya iPod kuingia sokoni mwaka 2001. Apple iliacha kutengeneza iPod mwaka 2022, lakini simu hufanya kazi ileile.

Kinachotafutwa kwenye redio ni matundu yaliyoandikwa AUX au LINE IN. Kwa kawaida jekundu ni la spika ya kulia na jeupe ni la kushoto; la njano ni la picha, liachwe. Waya unaofaa una pini ya milimita 3.5 upande mmoja, na pini nyekundu na nyeupe upande wa pili.

Wengi huharibu hapa. Tundu la MIC halifai, kwa sababu limeundwa kupokea umeme mdogo mno wa maikrofoni, hivyo muziki ukipitia humo hukwaruza. Kibaya zaidi ni kuchukua waya wa spika na kuuchomeka kwenye simu. Umeme wa amplifaya unaweza kuiunguza.

Vyombo viunganishwe sauti ya redio ikiwa chini kabisa. Simu iwekwe sauti ya juu kiasi, kama robo tatu, kisha redio ipandishwe taratibu. Simu ikiwa chini sana, redio italazimika kukuza na mchakacho pamoja na muziki.

Mngurumo ukisikika, chaja ichomolewe. Ukikoma, kosa liko kwenye njia ya umeme wa chaja, na fundi hana haja ya kufungua redio. Dalili nyingine ni ya ajabu kidogo: vyombo vinasikika lakini sauti ya mwimbaji imefifia kama yuko kisimani. Mara nyingi hapo waya wa ethi umekatika au pini haijaingia hadi mwisho. Waya hizi hukatikia shingoni, karibu na pini, kwa kukunjwa kila siku. Fundi anaweza kukata na kuunga pini mpya kwa risasi, ila nyuzi nyembamba zenye vanishi lazima zikwanguliwe kwanza, vinginevyo risasi haishiki.

Kwa redio ya kaseti isiyo na AUX, ipo kaseti bandia yenye waya, inayoingizwa mahali pa kaseti. Sauti yake si safi sana, lakini kwa banda la chipsi inatosha.

Simu nyingi mpya hazina tundu la pini, mtindo ulioenea baada ya iPhone 7 ya mwaka 2016. Zinahitaji kiunganishi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la chaja, na kiulizwe kabla ya kulipa kama kinakubali simu husika, kwani si vyote hukubali.

Jambo jingine ni kibali. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda haki za wasanii pale kazi zao zinapopigwa hadharani, na saluni yenye wateja si sebule ya nyumbani.