Ng'ombe wa Singida, Masharti ya Mpakani na Homa Isiyoisha

Lori linalobeba ng'ombe kutoka Singida kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, hutakiwa kusafiri na karatasi. Kabla halijaondoka, afisa mifugo huwakagua wanyama, hujiridhisha kuwa hawatoki katika eneo lililowekwa karantini, kisha hutoa kibali. Nyama ikikusudiwa kuuzwa Oman, Qatar au Falme za Kiarabu, masharti huongezeka: machinjio yaliyokubaliwa na nchi inayonunua, ukaguzi wa mnyama kabla na baada ya kuchinjwa, cheti cha afya, na nyama kupozwa tangu machinjioni hadi inapopokelewa. Lakini ng'ombe anayechinjwa kijijini Iramba, Ikungi au Manyoni kwa ajili ya harusi, au kwa sababu ameanguka ghafla na mwenye mali anaogopa hasara, mara nyingi hana karatasi yoyote. Nyama yake huliwa siku hiyohiyo. Tofauti kati ya ng'ombe hao wawili ni suala la biashara, lakini matokeo yake hufika mezani pa mganga.

Masharti ya nyama yamezua migogoro mirefu duniani. Mwaka 1989 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni. Marekani na Kanada zilishtaki, na mwaka 1998 Shirika la Biashara Duniani liliamua kuwa katazo hilo halikujengwa juu ya tathmini ya kutosha ya hatari. Ulaya haikuliondoa, ilikubali kulipiziwa ushuru kwa miaka mingi. Kiini cha kesi hiyo kilikuwa mkataba wa mwaka 1995 unaoruhusu kila nchi kulinda afya ya watu, wanyama na mimea yake, mradi hatua zake zitegemee ushahidi wa kisayansi na zisiwe kisingizio cha kumfungia mshindani mlango.

Hata hivyo, si kila katazo ni kisingizio. Mnamo Machi 1996 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa huenda ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulikuwa umewafikia binadamu kwa njia ya chakula. Ndani ya siku chache Ulaya ilizuia nyama ya Uingereza. Mwaka 2000 homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Saudia na Yemen, nchi za Ghuba zilifunga milango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na wafugaji wengi wa Somalia walipoteza soko lao kubwa kwa miaka kadhaa.

Tanzania iliionja homa hiyo mwaka 2007. Kati ya Januari na Juni ilisambaa katika mikoa 10, na Dodoma, inayopakana na Singida, ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Watu wapatao 144 walifariki. Wakati huo wengi waliikwepa bucha, ilhali nyama iliyoiva vizuri haikuwa hatari kuu. Mbali na mbu, walioambukizwa waligusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja, walimsaidia mnyama aliyetupa mimba bila kujikinga, au walikunywa maziwa mabichi. Hatari ilianzia zizini na machinjioni, kabla nyama haijafika jikoni.

Hapa ndipo panapojitokeza jambo ambalo mhudumu wa afya hana budi kulielewa. Ugonjwa unaozuia zaidi nyama ya ng'ombe ya nchi zetu kuingia masoko ya Ulaya ni ugonjwa wa miguu na midomo. Huenea upesi na huangamiza uchumi wa mfugaji, lakini kwa mlaji si tishio. Kwa upande mwingine, ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, humtesa binadamu kwa miezi, lakini hauzui kelele kama hizo mipakani. Masharti ya biashara yamewekwa kwanza kulinda mifugo na walaji wa nchi inayonunua. Anayedhani kuwa soko la nje likifunguka basi mlaji wa Singida amekuwa salama, anakosea. Na anayedhani kuwa kila katazo la nje lina maana kwamba nyama yetu ni sumu, anakosea vilevile.

Gharama ya kutolielewa jambo hili imepimwa. Katika utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2013, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria 528 kati yao. Vipimo vilithibitisha kuwa malaria ndiyo iliyosababisha homa kwa 14 tu. Miongoni mwa waliochunguzwa zaidi, kiasi cha robo walikuwa na maambukizi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, brusela ikiwemo. Singida ni mkoa wa wafugaji pia, na somo la Moshi linauhusu.

Mgonjwa wa brusela huja na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usioeleweka. Mara nyingi amekwisha kutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Tiba yake kwa kawaida huunganisha dawa mbili kwa wiki zisizopungua sita, na anayeacha mapema kwa kuona nafuu hurudi na homa ileile. Mfugaji naye ana zamu yake ya subira: ng'ombe aliyechomwa antibayotiki asichinjwe, wala maziwa yake yasinywewe, hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Mabaki ya dawa kwenye nyama ni sababu nyingine ya mizigo kukataliwa nje, na matumizi holela ya dawa zizini huwalea vijidudu sugu ambavyo wodi zetu zinahangaika navyo.

Nyumbani, kinga haihitaji cheti. Maziwa yachemshwe. Nyama ipikwe hadi isibaki nyekundu ndani, na inunuliwe pale penye muhuri wa mkaguzi. Anayemzalisha mnyama avae glovu. Kibudu kisiliwe, na mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au sehemu ya haja asichunwe wala kupasuliwa, kwa kuwa huenda ni kimeta. Afisa mifugo aitwe, mzoga uzikwe kwa kina. Mtu aliyemgusa kisha akatokwa na kidonda chenye kigaga cheusi awahi kituoni.

Kwa mhudumu wa zahanati, kazi inaweza kuanza kwa maswali matatu, pale kipimo cha malaria kinapoonyesha hakuna vimelea na homa bado ipo. Nyumbani mna mifugo? Kuna mnyama aliyetupa mimba au kufa siku za karibuni? Ulimgusa, ulimla au ulikunywa maziwa yake? Majibu yaandikwe kwenye faili, na afisa mifugo wa kata ajulishwe siku hiyohiyo, kwa kuwa mgonjwa mmoja wa namna hiyo huenda anatoka kwenye zizi ambalo jirani zake wote wananunua maziwa.