Kopo lililofichwa: waone wanaolipa tu?
Msikilizaji, kuna mchezo uitwao jiokashi. Mtu anaficha kopo lenye daftari, anaweka mtandaoni vipimo vya mahali lilipo, wengine wanalitafuta kwa simu na kuandika majina yao. Ulianza Oregon, Marekani, Mei 2000, siku chache baada ya serikali yao kuacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Mawimbi hayo yanafika bure hata hapa Ulemo.

Ila mwenye kopo anaweza kuchagua lionekane kwa wanachama wanaolipia tu. Wengi wanahofia wezi, na hofu hiyo tunaielewa. Lakini likifichwa kwenye mawe ya kijiji, mtoto anayechunga mbuzi atalikuta tu. Ada ya mtandaoni haimzuii. Sisi tunaona aanze kuomba ruhusa serikali ya kijiji, na kopo liandikwe Kiswahili ni la nini.