KAZI, UJIRA NA UTULIVU WA NAFSI: SOMO KUTOKA KARAGWE NA KYERWA

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyegawa riziki kwa hekima Yake na akaiharamisha dhuluma baina ya waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zinatupa somo juu ya swali ambalo kila mfanyakazi hujiuliza: je, kazi yangu ni bora kuliko ya jirani yangu?

Zamani jibu lilionekana jepesi. Mwalimu, mganga wa zahanati na karani wa halmashauri ndio waliohesabiwa kuwa na kazi. Mkulima alisemwa kuwa "yupo tu nyumbani", kwani kilo ya kahawa ya maganda haikumpatia zaidi ya shilingi elfu moja na ushei. Ilipofika msimu wa mwaka 2024, kahawa ikaanza kuuzwa kwa minada ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, nayo bei ya dunia ikawa imepanda. Kilo hiyo hiyo ikavuka shilingi 4,000. Kwa upande wa pili, Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, na kuanzia Januari 2026 kima cha chini cha sekta binafsi, kwa wastani, kikapanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322.

Basi mwalimu wa Kayanga anahesabu magunia ya mkulima wa Nkwenda, mkulima anahesabu mshahara wa mwalimu, na kijana wa bodaboda pale Omurushaka anawaonea gere wote wawili.

Kila mmoja anaona nusu

Tatizo la kwanza la mlinganisho huu ni kwamba kila mmoja huona mapato ya mwenzake bila ya kuona gharama zake. Tuchukulie mkulima aliyepata kilo 1,000 za maganda na kuziuza kwa shilingi 4,000 kila moja. Amepata shilingi milioni nne, na siku hiyo ataonekana tajiri. Lakini kahawa huingiza fedha mara moja kwa mwaka. Zigawe milioni hizo kwa miezi 12, utapata shilingi 333,333 kwa mwezi, kabla ya kuwalipa wapaliliaji na wachumaji, na kabla ya kuhesabu miti iliyokufa kwa mnyauko. Kwa bei ya zamani ya shilingi 1,200, mkulima huyo huyo alikuwa na shilingi 100,000 tu kwa mwezi.

Mshahara wa mwalimu nao una makato, na aghalabu una mkopo nyuma yake. Lakini unakuja mvua isinyeshe, na mwishoni kuna pensheni. Mwendesha bodaboda hushika fedha kila siku, ila akiwa na pikipiki ya mkataba lazima kwanza atimize hesabu ya mwenye chombo, kisha mafuta, na akivunjika mguu hana likizo ya ugonjwa. Mchimba bati wa Kyerwa aweza kuchimba majuma kadhaa asipate kitu. Kila kazi ina asali yake na nyuki wake.

Hakuna kazi ya halali iliyo duni

Uislamu haukuipima heshima ya mtu kwa kiasi cha mshahara wake. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu akipatacho kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daudi (A.S.), pamoja na ufalme wake, alikula kutokana na jasho lake. Qur'an inatueleza katika Surat Saba'i, aya ya 10 na 11, kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma akawa anatengeneza deraya. Watu wa Karagwe wana sababu ya kulielewa jambo hili, maana katika ufalme wa Rumanyika pale Bweranyange vitu vya chuma vilikuwa miongoni mwa alama za utawala.

Hali kadhalika, Nabii Musa (A.S.) aliajiriwa kwa mkataba wa miaka minane, ikiwezekana kumi, kama ilivyoelezwa katika Surat Al-Qasas, aya ya 27. Katika kisa hicho sifa za mfanyakazi bora zimetajwa kuwa mbili: nguvu na uaminifu. Na Mtume (S.A.W.) amesema kuwa mtu kuchukua kamba na kubeba kuni mgongoni ni bora kwake kuliko kuwaomba watu. Kwa mantiki hiyo, kijana anayebeba ndizi kwa baiskeli hana sababu ya kuona haya mbele ya aliyekaa ofisini. Aibu ni ya yule alaye rushwa, hata akiwa amevaa tai.

Mwenyezi Mungu (S.W.) anatubainishia katika Surat Az-Zukhruf, aya ya 32, kwamba Yeye ndiye aliyegawa maisha baina ya watu na kuwapandisha baadhi yao juu ya wengine ili watumikiane. Asipokuwapo mchumaji, kahawa itaozea shambani. Asipokuwapo mwalimu, mtoto wa mkulima hatajua kusoma mizani. Ndiyo maana katika Surat An-Nisaa, aya ya 32, tumekatazwa kutamani kile ambacho Mwenyezi Mungu amewafadhilisha kwacho wengine, tukaambiwa kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Na dawa aliyotupa Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Muslim, ni kumtazama aliye chini yetu katika mambo ya dunia, ili tusizidharau neema tulizopewa.

Kinaa si kunyamazia dhuluma

Hata hivyo, hapa pana hatari ambayo sisi tunaohubiri tunapaswa kuiangalia. Mafundisho ya kinaa yaweza kugeuzwa kuwa blanketi la kufunikia haki za wanyonge. Kinaa ni ibada ya anayepokea, na uadilifu ni faradhi ya anayelipa. Si halali kwa mwajiri kumhubiria kibarua subira hali mfukoni mwake mna ujira wa kibarua huyo. Katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akamfanyisha kazi kikamilifu, kisha asimpe ujira wake.

Basi tujiulize kwa uwazi. Wewe mwenye shamba, kilo ilipopanda kutoka shilingi elfu moja na ushei hadi elfu nne, ujira wa mchumaji wako ulipanda kwa kiasi gani? Au yeye amebaki pale pale, akinunua unga na sabuni kwa bei mpya? Vibarua wengine hutoka Burundi na Rwanda, hawana mkataba wala ndugu wa kuwasemea. Baadhi ya watu huwachelewesha hadi msimu uishe, au huwatisha ili waondoke bila malipo. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na amri hiyo haikumbagua mgeni na mwenyeji, wala Muislamu na asiyekuwa Muislamu.

Butura

Dhuluma nyingine ni butura, biashara ya kununua kahawa ingali mbichi mitini. Mwezi wa Januari mkulima hubanwa na mahitaji ya shule au maradhi; humwendea mwenye fedha, hupewa kiasi kidogo, na kahawa anayoipalilia inakuwa si yake tena. Mavuno yakifika, mwenye fedha huchukua mali yenye thamani maradufu ya alichotoa. Serikali imeikataza biashara hii mara nyingi, lakini bado watu huifanya kwa siri.

Wapo wanaojitetea kwamba huo ni mkataba wa salam, ambao sheria ya Kiislamu imeuruhusu. Tuwajibu kwa elimu. Katika salam, bei yote hulipwa wakati wa mapatano, na aina, uzito na tarehe hujulikana. Wala, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, bidhaa haifungamanishwi na miti ya shamba maalumu. Kuuza matunda ya miti fulani kabla ubora wake haujadhihiri kumekatazwa katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, kwa sababu matunda yakiharibika, mmoja atakuwa amekula mali ya nduguye bure. Na ikiwa fedha ile ilitolewa kama mkopo kwa sharti la kurejeshwa zaidi, hiyo ni riba kwa jina jingine. Hata pale masharti ya salam yanapotimia, kumpunja mtu kwa sababu mtoto wake anaumwa si uungwana.

Tukumbuke kwamba katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waislamu, Waarabu na Waswahili, waliweka kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange. Wenyeji wa Karagwe waliuona Uislamu kwanza kwa mfanyabiashara. Leo pia mizani yetu ni mahubiri.

Na mwalimu wa madrasa je?

Tusimalize kwa kuwanyooshea wengine vidole. Katika vijiji vyetu yupo mtu anayefanya kazi kila jioni, na ujira wake mara nyingi ni neno "Mungu atakulipa". Mwalimu wa madrasa naye ana watoto, naye hununua chumvi dukani. Sayyidna Abubakar (R.A.) aliposhika ukhalifa akaacha biashara yake, yeye na ahali zake walikula kutoka Baitul Mal, kwani kazi ya Waislamu ilikuwa imemzuia kuchuma.

Ushauri wetu ni huu. Kila kamati ya msikiti yenye waumini wakulima itenge fungu la msimu kwa ajili ya walimu, kabla kahawa haijageuka bati na pikipiki. Waumini waanzishe mfuko wa mikopo isiyo na riba kwa ajili ya mwezi Januari, ili mkulima asiusogelee mlango wa butura. Mwenye shamba apatane ujira na kibarua wake mbele ya shahidi kabla ya kazi kuanza. Na mfanyakazi aliyedhulumiwa adai haki yake kwa njia za kisheria, kisha aridhike na kile kilicho chake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atutosheleze kwa halali Yake, na atukinge tusiwe wagomvi Wake kwa jasho la waja Wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.