Oksimita inaona nini kidoleni? Chuma cha damu, mwanga na hatari ya jiko la mkaa

Baridi ya Juni na Julai ikishika huku Nyanda za Juu Kusini, simu za wasikilizaji kuhusu jiko la mkaa huwa hazikatiki. Mama mmoja aliwahi kuuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo hewani. Mwanawe alilala na jiko kwenye chumba kilichofungwa, akaamka anatapika, kichwa kinamgonga, hawezi hata kusimama. Kwenye kituo cha afya akabanwa kile kifaa cha kidoleni, kikaonyesha 98. "Sasa hiyo namba si nzuri? Mbona daktari alimwekea oksijeni hapo hapo?"

Jibu fupi ni kwamba daktari alikuwa sahihi, na kifaa hakikuwa kibovu. Kifaa kile, yaani oksimita, hakiioni oksijeni yenyewe. Kinachoona ni rangi ya damu, na rangi hiyo inatokana na madini ya chuma. Hapo ndipo penye siri yote.

Chuma kinachobadilika rangi

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 hivi za chuma. Sehemu kubwa ya chuma hicho imo ndani ya himoglobini, protini iliyojaa katika seli nyekundu za damu. Kila himoglobini moja ina atomu 4 za chuma, na kila atomu ni kama kiti cha abiria mmoja: oksijeni hupanda kwenye mapafu, hushuka kwenye misuli, ubongo na viungo vingine.

Abiria akipanda au akishuka, chuma hubadilisha namna kinavyomeza mwanga. Damu yenye oksijeni huwa nyekundu ya kung'aa, na iliyoachiwa oksijeni huwa nyekundu iliyokolea na kufifia.

Si chuma peke yake chenye tabia hii. Wenzetu wa pwani wanaovua pweza na kaa wanashika viumbe ambao protini yao ya kubeba oksijeni hutumia shaba badala ya chuma. Protini hiyo ikibeba oksijeni huwa ya buluu, ikiishusha hupoteza rangi. Madini kadhaa yaliyomo ndani ya protini yana alama yake katika mwanga.

Elimu ya kusoma alama hizo huitwa spektroskopia. Unapitisha mwanga kwenye kitu, kisha unaangalia ni rangi zipi zimemezwa na zipi zimepenya. Mwaka 1862 Mjerumani Felix Hoppe-Seyler alieleza mistari myeusi inayoonekana mwanga unapopita kwenye damu. Miaka miwili baadaye George Gabriel Stokes, aliyefanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba mistari hiyo hubadilika damu inaponyang'anywa oksijeni na hurudi ilivyokuwa ikikutana tena na hewa. Mwaka 1925 David Keilin wa Cambridge alieleza mistari ya namna hiyo aliyoiona kwenye misuli ya mabawa ya wadudu walio hai. Mistari hiyo ilitokana na saitokromu, protini nyingine zenye chuma zinazosaidia seli kuitumia oksijeni. Kwa njia hii wanasayansi waliweza kuchungulia kazi ya protini bila kukata wala kusaga kitu.

Mianga miwili kwenye kidole

Oksimita ni spektroskopia iliyowekwa ndani ya kibanio. Upande mmoja kuna taa mbili ndogo. Moja hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi, nyingine hutoa mwanga wa infraredi wa nanomita 940 hivi ambao macho yetu hayauoni. Upande wa pili kuna kipokezi kinachopima kiasi kilichopenya kidole.

Himoglobini isiyo na oksijeni humeza sana ule mwanga mwekundu. Yenye oksijeni huuachia upite, lakini humeza zaidi ule wa infraredi. Kifaa hulinganisha mianga hiyo miwili na kutoa asilimia.

Lakini kidole kina pia ngozi, nyama na mfupa, navyo humeza mwanga. Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi alipata ufumbuzi, na mwaka 1974 akauwasilisha: pima ile sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo tu. Ngozi na mfupa havidundi. Kinachodunda ni damu ya mishipa inayotoka moyoni.

Abiria asiyeshuka

Sasa turudi kwa yule kijana na jiko lake. Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na huweza kujaa chumbani hata pasipo moshi wa kuonekana.

Gesi hiyo hukaa kwenye kile kile kiti cha chuma, tena hukishikilia kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Oksijeni ikifika inakuta viti vimejaa. Na hapo ndipo kifaa kinapopotea njia: himoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksaidi nayo ni nyekundu ya kung'aa, na huuachia mwanga mwekundu upite karibu sawa na ile yenye oksijeni. Kwa mianga yake miwili, oksimita ya kawaida haiwezi kuzitofautisha. Inaona viti vimekaliwa, inaandika 98, wakati ubongo unakosa oksijeni.

Ipo mashine ya maabara iitwayo kooksimita. Hiyo hupima sampuli ya damu kwa mianga ya aina nyingi zaidi, na hivyo hutambua nani amekaa kwenye kiti. Pasipo na mashine hiyo, daktari hutegemea maelezo ya mgonjwa: ulilala wapi, palikuwa na jiko, nani mwingine anaumwa?

Oksijeni aliyowekewa kijana ilikuwa ya kumwondoa yule abiria king'ang'anizi. Mtu akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua muda wa saa 4 hadi 6 kutoka kwenye damu. Akipewa oksijeni tupu, muda huo hupungua hadi kama saa moja na nusu.

Ngozi nyeusi nayo ina neno

Kuna jambo la pili linalotuhusu moja kwa moja. Rangi ya ngozi nayo humeza mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulilinganisha namba za oksimita na vipimo vya damu yenyewe. Miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kiliwaonyesha wako kati ya 92 na 96, damu ilionyesha upungufu mkubwa wa oksijeni kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya Weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa Weupe. Ni karibu mara tatu.

Tufanye nini?

Oksimita inabaki kuwa msaada mkubwa, hasa kwa nimonia na kwa mgonjwa aliye chini ya dawa ya usingizi. Tusiitupe, ila tuisome tukijua inaona nini. Ondoa rangi ya kucha kabla ya kupima, na kama vidole ni vya baridi, vipashe joto kwanza. Mgonjwa anayehema kwa shida au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali hata kama namba inapendeza.

Na jiko la mkaa lisilale ndani na watu. Ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe nje kwenye hewa safi, muwahishe kwa daktari, na neno la kwanza kulisema likiwa hili: "Alilala na jiko." Kifaa cha kidoleni hakiwezi kumwambia daktari hilo. Wewe unaweza.